Mrejesho: keki ya mkaa imeiva jamani

Wakuu nimerudi, mimi yule wa Tabora niliyeuliza mbona keki yangu ya jiko la mkaa inaungua chini huku katikati bado uji. Nikafanya mlivyosema, mchanga ndani ya sufuria kubwa, moto kidogo chini mwingi juu ya mfuniko, ila kumbe kilichokuwa kinaniponza zaidi ni asali, si mnajua huku kwetu asali ndo yenyewe, basi nilikuwa namimina badala ya sukari bila kipimo na asali inawahi kuungua kuliko sukari. Nimepunguza, na maziwa nimepunguza, imetoka kahawia safiii. Mama mkwe kala vipande 3 hajasema kitu, kwa anavyojua kukosoa yule hiyo ni medali. Jumapili najaribu ya ndizi.