Shih Tzu au Japanese Spitz kwa mtu wa ghorofani Dar? Naombeni ushauri

Habari za jioni wakuu. Naishi Sinza, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na kibaraza cha kuanikia nguo basi. Binti yangu wa miaka 7 tangu aone mbwa wa rafiki yake hatulali, kila siku baba mbwa, baba mbwa. Nikasema poa, tutafute mdogo wa ndani. Nimebaki na wawili kichwani, Shih Tzu yule wa manywele marefu pua imebonyea, au Japanese Spitz, mweupe ana sura ya mbweha. Waifu anataka Shih Tzu, mi moyo uko kwa Spitz. Natoka saa kumi na mbili asubuhi narudi saa moja usiku, waifu duka lake liko jirani anarudi mchana kula. Mwenye nyumba kakubali ila hataki kusikia malalamiko. Na maneno ya "mbwa ndani ni uzungu" bi mkubwa wangu ameshanipa ya kutosha. Nawasilisha.

Mzee wa Kupe: Mkuu nina Spitz huku Mbezi mwaka wa tano. Msafi balaa, akikanyaga tope likikauka linapukutika lenyewe. Ila mdomo sasa! Bodaboda ikipita anabweka, gesi ikiletwa anabweka, jirani akipiga chafya anabweka. Mi nina fensi na uwanja, wewe mwezi hauishi mwenye nyumba atakugongea. Halafu akianza kupukutisha manyoya mpaka kwenye wali unayakuta. Na usije ukamnyoa eti joto, koti lake lina safu mbili, ukilinyoa linaweza lisiote vizuri tena na jua linamchoma ngozi.

Mama Chanuo: Mi ninaye Shih Tzu. Hapukutishi sana ila nywele zinaota kama za kwetu, usipochana siku mbili tatu zinasokotana mpaka unalia wewe na yeye. Siku hizi namkata fupi mwili mzima yaishe. Macho yamemtoka nje, nywele zikimchoma anapata kidonda, kwa hiyo kila asubuhi namfuta na pamba ya maji ya vuguvugu. Ila shida kubwa ni joto. Mbwa anapoza mwili kwa kuhema, sasa huyu na kapua kake kuhema kwenyewe kazi. Februari umeme ulikatika nikamkuta kwenye vigae vya bafuni ulimi nje, anakoroma kama mzee, nikammwagia maji ya bomba huku nampepea na mfuniko wa ndoo mpaka tukafika kwa daktari. Usipoweza kuacha feni inazunguka mchana, achana naye.

jobless_billionaire: Si uchukue koko tu wakuu, bure na haumwi hovyo

Mzee wa Kupe: Koko naye anaumwa, homa ya kupe haichagui.

Ustaadh wa Magomeni: Kaka ngazi mnashea na majirani. Mate ya mbwa kwetu ni najisi, akigusa kanzu yangu Ijumaa ndo basi tena, nirudi nikaoshe. Mbebe ukipita, tutaishi vizuri tu.

Sindano Moja: Yeyote utakayemchukua usinunue kichanga cha barabarani, wengine wanawauza wiki ya tano. Subiri wiki 8, muone na mama yake. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi ya mbwa, inarudiwa kila wiki tatu nne mpaka afikishe wiki 16, ya kichaa akiwa na miezi mitatu halafu kila mwaka. Parvo inaua kitoto ndani ya siku chache, msimshushe chini mtaani kabla hajamaliza.

Mleta uzi: Asanteni sana wakuu, Ustaadh nimekupata. Jana saa nane mchana nilikaa kibarazani nijipime, dakika kumi nimeshindwa mwenyewe. Spitz atasubiri kiwanja changu cha Kibaha kipate fensi. Tunachukua Shih Tzu, nywele fupi, feni inabaki na waifu, LUKU nitajua mwenyewe. Mama Chanuo, wa kumnyoa anakuja nyumbani au nambeba kwenye daladala?

Mama Chanuo: Daladala? Konda atamdai nauli ya mwanafunzi. Njoo inbox nikupe namba.