Nyumba ya Mbagala 🏠

18:04 Dada Mwana: Assalaam aleykum ndugu zangu. Zawadi anatimiza mitano Januari. Kuandikisha mwisho Jumatano. Kila mtu aseme: darasa la awali pale shule ya msingi, au ile ya kulipia yenye basi la njano?

18:31 Dada Mwana: Mmesoma wote, naona. Baba Zawadi?

18:40 Mjomba Seif: Hilo basi lina kiyoyozi? Niandikisheni na mimi 😂

18:41 Hamisi: Mjomba kulala mchana utafaulu 😂😂

18:42 Dada Mwana: Jamani! Mimi nataka atoke na KKK yake, kusoma, kuandika, kuhesabu, na Kiingereza. Wa jirani ana minne, anasoma vibao vya daladala.

19:15 Mama Zawadi: Wifi, mimi nataka kwanza azoee wenzake. Akiona mtoto mgeni anajificha kwenye khanga yangu. Jana nimemkuta uani anawapanga kuku foleni. Pale awali nilichungulia dirishani, wanahesabu vifuniko vya soda, wanaimba, nikapenda. Ila niliwahesabu, 63 na mwalimu mmoja. Wizara imeweka 25.

19:17 Dada Mwana: Ndiyo maana nasema ya kulipia. Tuchange, kila nyumba elfu thelathini kwa mwezi.

19:20 Hamisi: Tuchange tena? Za bati la mama ziliishia wapi?

19:21 Dada Mwana: Hamisi usinianze. Risiti niliweka humu humu.

19:22 Hamisi: Risiti ya misumari.

*Mjomba Seif amefuta ujumbe huu*

20:50 Asha: Bibi kasema niandike hivi hivi: "Nimelea tisa. Kalamu ataijua tu. Huyo mtoto hajaweza kufunga kifungo cha gauni, na kwa watu akibanwa haombi chooni, anajikojolea ananyamaza. Mtafutieni mwalimu atakayemsikia akisema. Na ya bati yaacheni, ninayevujiwa ni mimi."

20:58 Mama Zawadi: Nimekusikia mama 🙏🏾

21:40 Baba Zawadi: Ndiyo natoka kazini. Awali ya serikali haina ada tangu 2016, elfu thelathini hiyo mbona nyingi. Kesho nikamuulize mwalimu mkuu kama watagawa darasa.

21:41 Dada Mwana: Kesho Jumamosi.

21:52 Baba Zawadi: Basi Jumatatu. Nikipata ruhusa.

21:53 Dada Mwana: Usipopata, nani anaenda na Mama Zawadi? Na ya kulipia niwaambie watuwekee nafasi au?

22:27 Mjomba Seif: 👍🏾

22:28 Dada Mwana: Mjomba, kidole hicho ni cha kwenda au cha kuchanga?