Mrejesho: konokono wa kumlisha bunju

Wakuu, niliwauliza namna ya kufuga konokono wa kumlisha bunju wangu wa maji baridi (yule samaki anayejivimbisha kama puto), maana meno yake hayaachi kukua na magamba magumu ndiyo yanayoyasaga. Niko Mtwara mjini.

Aliyenikataza kumpa konokono wa kuokota kwenye majaruba ya mpunga, Mungu ambariki. Wapo wanaobeba kichocho, nami nina watoto wadogo. Nilivaa glavu nikachukua mayai tu, ule utelezi ulioganda kwenye majani, nikayasuuza. Mayai hayana vimelea hivyo. Yakaanguliwa ndooni baada ya siku 10. Nawapa mchicha wa kuchemsha na maganda ya mayai ya kuku yaliyotwangwa, wasikose kalsiamu. Jana bunju kavunja wa kwanza. Nimefurahi mno!