Naomba msaada: safari ngapi za hatua 10 kwenye vituo vinne?

Kalamu Butu: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kaniletea swali, nimekesha nalo. Vituo vinne vimepangwa kwenye mstari: Kimara, Ubungo, Magomeni, Kivukoni. Kila hatua lazima uhamie kituo cha jirani, kurudi nyuma ruksa. Ukianzia Kimara, kuna safari ngapi tofauti za hatua 10? Nimechora matawi mpaka karatasi imeisha. Kwa hatua 6 nilipata 12, nikarudia nikapata 13. Nisaidieni, heshima ya kaka mkubwa iko hatarini.

Chaki Nyeupe: 13 ndiyo sahihi. Acha kuchora mkuu. Tuite K(n) idadi ya safari za hatua n ukianzia Kimara, na U(n) ukianzia Ubungo. Ukiwa Kimara huna pa kwenda ila Ubungo, kwa hiyo K(n) = U(n−1). Ukiwa Ubungo unarudi Kimara au unakwenda Magomeni. Na Magomeni ni Ubungo ileile, ukiutazama mstari kutokea Kivukoni, maana pande mbili zinafanana. Basi U(n) = K(n−1) + U(n−1). Unganisha: K(n) = K(n−1) + K(n−2). Hatua 0 ni safari 1 (umekaa tu kituoni), hatua 1 pia ni 1, kisha 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89. Jibu 89.

Kalamu Butu: Aisee, kumbe Fibonacci, ule mfuatano ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia! Sehemu ya pili: linaongezwa gari la moja kwa moja kati ya Ubungo na Kivukoni, kwenda na kurudi.

Fundi Saa: Rahisi. Hatua 1 ni 1, hatua 2 ni 3, endelea kujumlisha mbili mbili: 4, 7, 11. Hizo ni namba za Lucas, zinajulikana.

Chaki Nyeupe: Fundi, taratibu. Hesabu hatua 3 kwa vidole: K-U-K-U, K-U-M-U, K-U-M-V, K-U-V-U, K-U-V-M (V ni Kivukoni). Tano, si nne. Ramani imebadilika, kanuni nayo inabadilika. Sasa mapacha ni Magomeni na Kivukoni: kila kimoja kinagusa Ubungo na mwenzake. Chora safu tatu, K, U na M (M ni Magomeni), zote zianze na 1. K mpya ni U ya zamani, U mpya ni K + 2M, M mpya ni U + M. Safu ya K inatoka 1, 1, 3, 5, 13, 25, 59, 121, 273, 577, 1275. Ukitaka kanuni moja: K(n) = K(n−1) + 3K(n−2) − K(n−3).

Fundi Saa: 13 + 15 − 3 = 25. Nimekubali, nafuta usemi. Niliona 1, 3 nikakimbilia jina.

Kalamu Butu: Nimejaza safu mwenyewe, 1275 imetoka! Ila dogo kasema kuna sehemu ya tatu, kuanzia Kivukoni.

Chaki Nyeupe: Hiyo unayo tayari kwenye safu ya M. Mstari wa mwisho usome 2353. Ukipata tofauti, umeteleza kwenye kujumlisha.