Kana zangu majani tu, maua hakuna

mtu_wa_shamba: Jamani wa Malindi nisaidieni, nimepanda maua ya kana (canna) kando ya ukuta, zimerefuka mpaka zanipita kichwa lakini hakuna ua hata moja, na huu upepo wa kusi unayachana majani yote. Ni mchanga ama?

BiMaua: Ziko kivulini? Kana bila jua la kutosha ni majani tu. Na kama wamwaga mbolea ya yurea acha kwanza, yasukuma majani tu.

Mlamu: Mie huku Lamu natia samadi ya punda, ioze kwanza lakini, bichi yaunguza. Na maji usibane, asili yake bara la Amerika upande wa joto, sehemu za majimaji, mchanga wetu haushiki kitu. Shina likishamaliza maua kata chini, halitoi tena, machipukizi ndo yatatoa.

mtu_wa_shamba: Aisee kuna mwarobaini juu yake kweli. Nikihamisha nitumie zile mbegu nyeusi?

BiMaua: Mbegu ni ngumu mno, mpaka uzikwaruze kwa msasa uloweke usiku kucha. Chimba viazi vyake vya chini ugawe, kila kipande kiwe na jicho (pale panapochipua), upande nyuma ya nyumba kusikopigwa na chumvi ya bahari.

mtu_wa_shamba: Poa, jumamosi nachimba. Anayetaka viazi aje na ndoo