Tumsomeshe kijana akili mnemba ya baiolojia, au tuajiri mabwana shamba?

Mzee wa Isyonje
Wakuu, mtoto wa kaka yangu kamaliza digrii ya baiolojia. Sasa anataka uzamili, kisha uzamivu, wa takwimu na akili mnemba kwenye magonjwa ya mimea. Ukoo umeshakaa kikao, kuna anayetaka ng'ombe wauzwe. Miaka yote hiyo, arudi afanye nini? Kata yetu ina bwana shamba mmoja na pikipiki yake haina mafuta. Mvua ikikolea, ugonjwa wa ukungu ukiingia, viazi vinaungua ndani ya siku chache. Mimi nasema fedha, ziwe za ukoo au za serikali, ziende kwa mabwana shamba kwanza. Nipingeni.

Mwalimu, Ilula
Shikamoo mzee. Napinga. Takwimu zenyewe zimekulia shambani: mwanatakwimu Ronald Fisher alianza kazi Rothamsted, kituo cha kilimo cha Uingereza, mwaka 1919, akichambua rekodi za mavuno na mbolea za miaka mingi. Na mwaka 2024, nusu ya Nobeli ya Kemia walipewa Demis Hassabis na John Jumper kwa programu ya akili mnemba ya kubashiri umbo la protini. Dunia ndiko inakoelekea.

Mzee wa Isyonje
Marahaba, mwalimu. Nobeli haipulizi dawa.

Wa maabara, Mbeya mjini
Shikamoo mzee. Hiyo ndiyo kazi yangu, na Nobeli tuiweke pembeni. Mwaka 2016 watafiti walitoa matokeo ya programu ya kutambua magonjwa ya mimea, iliyofundishwa kwa picha zaidi ya 54,000 za majani. Kwenye picha za aina ileile ilipatia zaidi ya asilimia 99. Walipoipa picha zilizopigwa kwingine, ikashuka hadi kama 31. Picha za kufundishia zilikuwa za jani moja moja, limechumwa na kuwekwa juu ya kitu kisicho na mapambo. Uyole nani ana jani la hivyo? Letu lina tope, kivuli, na maharage ya jirani yameingilia.

Programu yangu mimi iliwahi kuliita tope ukungu, tena kwa uhakika mkubwa! Bwana shamba hakubishana nayo. Alilipindua jani asubuhi na mapema, umande haujakauka, akatafuta ule utandu mweupe chini, pembezoni mwa doa. Haukuwepo.

Kwa hiyo kijana aende, ila aanze na takwimu. Wengi hukimbilia programu, wanapiga picha kumi za shina moja, nyingine za kufundishia, nyingine za kupimia, halafu wanashangilia alama. Huo ni mtihani uliovuja. Na asitoke kabla hajamaliza msimu mzima nyuma ya bwana shamba.

Mwalimu, Ilula
Hapo kwenye msimu mzima nakubali. Nobeli naiondoa.

Mzee wa Isyonje
Sawa binti. Huyo bwana shamba wa kupindua majani, mafuta anawekewa na nani? Kijana atafute ufadhili. Ng'ombe hawauzwi.