Ajira za utalii baada ya mdororo: je, mikataba ya mwaka mzima itarejea?

Mhitimu wa Moshi: Ndugu zangu, heshima kwenu. Nimemaliza cheti cha uongozaji watalii, na kila ofisi ninayofika, Moshi na Arusha, naambiwa nisubiri msimu wa Juni. Waliotutangulia wanasema kwamba kabla ya janga la korona la 2020 madereva na wapishi wengi walikuwa na mikataba ya mwaka, ilhali sasa wanaitwa kwa safari, yaani safari moja moja wageni wanapopatikana. Je, hali ile itarejea, au soko limekwisha kubadilika?

Mkazi wa Njiro: Mdogo wangu, kwanza tenganisha uchumi wa nchi na uchumi wa mji wetu. Takwimu rasmi za 2020 zilionyesha pato la taifa likikua kwa asilimia 4.8, lakini watalii walipungua kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000, na hao ndio wanaolipa mishahara ya Arusha, kuanzia mhudumu wa hoteli hadi mkulima wa mboga wa Tengeru. Katika msukosuko wa uchumi wa dunia wa 2008 na 2009 watalii walishuka kutoka 770,000 hivi hadi 714,000, pigo ambalo mwajiri angeweza kulihimili kwa kupunguza zamu na kutoa likizo bila malipo. La 2020 halikuhimilika kwa njia hizo. Mwaka 2023 wageni walipita milioni 1.8 na kazi zikarudi kweli, ila mwajiri aliyeonja mwaka mzima bila mapato anaogopa kubeba mishahara ya Aprili na Mei, wakati masika yamefukuza wageni. Kwa maoni yangu, hofu hiyo haitaisha upesi.

Mama Karatu: Nakubaliana nawe kaka, ingawa tusisahau kwamba mlimani wapagazi wameitwa kwa safari tangu zamani, kinachoniumiza ni kuona utaratibu huo ukipanda hadi kwa wapishi na madereva wenye familia na ujuzi wa miaka mingi. Mwanangu, kuitwa kwa safari hakukunyimi haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua mkataba wa kazi maalumu, na inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi unapoanza. Uliza pia kuhusu michango ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, kwa sababu mfuko huo una fao la kukosa ajira, nalo halimfikii mtu ambaye hakuchangiwa. Ukipewa nafasi ya msimu mmoja yenye maandishi, ichukue kabla ya ahadi ya mdomo, hata kama posho ya mdomo ni nono zaidi.

Mhitimu wa Moshi: Nawashukuru sana, mama na kaka. Naomba mwenye uzoefu anieleze jambo moja: mpishi anayeitwa na kampuni tatu ndani ya mwezi mmoja, michango yake huwasilishwa na nani?